Kamati Ilivyoila Tovuti ya Nalongo

Nalongo Perusi Nabbosa amekubali niandike habari zake kwa sharti moja: nianze kwa kusema kwamba na mimi nilikula. Basi nasema. Nilikula sahani mbili, na ya pili nilikwenda kuichukua nikiwa nimelegeza mkanda. Aibu yangu imekwisha, sasa tuendelee na aibu za wengine, maana ziko nyingi.

Mimi ni Lubowa, natengeneza cherehani zilizoharibika hapa Nyendo, mjini Masaka. Kwa miaka kumi na tisa duka la Nalongo lilipakana ukuta kwa ukuta na kibanda changu, chini kabisa ya jengo la Haji Kabuye, upande unaotazama barabara. Anakodisha magomesi, magauni marefu ya heshima ya wanawake wetu, na kanzu za kwanjula. Ndugu wa bwana arusi wakienda kujitambulisha kwa wakwe, hakuna mwanamume anayeingia bila kanzu wala mwanamke bila gomesi, na wengi wetu hatuna, au tunayo ila tumbo limeikataa. Hapo ndipo penye riziki yake. Jina la Nalongo alilipata kwa kuzaa mapacha, kama mumewe alivyopata la Salongo, na kwetu mama wa mapacha ana ruhusa ya kutamka maneno ambayo mwingine akiyatamka anafukuzwa kanisani. Yeye ruhusa hiyo anaitumia kila siku, Jumapili ikiwemo.

Mwezi wa nane mwaka juzi Haji Kabuye alikuja na barua. Maduka yote ya mbele yamechukuliwa na mpangaji mmoja mkubwa. Sisi wadogo tunaotaka kubaki tupande ghorofa ya nne, nyuma, kwenye matangi ya maji. Mwisho wa Januari kila mtu awe amelipa kodi ya miezi sita ya huko juu, asiyelipa aondoke.

"Haji," Nalongo alisema, akiwa amepiga magoti kumwamkia kama ilivyo desturi, "nani atapanda ngazi sitini na nane kufuata gomesi?"

"Mwenye shida nayo, Nalongo."

"Mwenye shida nayo ana miaka sitini na magoti yamekufa. Akifika huko juu hataki tena gomesi, anataka sanda."

Haji alicheka, akaondoka, barua akaiacha mezani.

Mimi nilipata banda la mabati ng'ambo ya barabara. Nalongo hakuwa na pa kwenda. Alikuwa na milioni nne, pesa ya kahawa ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, na nyuma ya hizo milioni nne hapakuwa na kitu. Msimu wa kwanjula ni Desemba. Asipopata wateja Desemba, Januari hana kodi, na magomesi mia na ishirini yanapakiwa kwenye lori kurudi kijijini Kyanamukaaka, ambako watu huazimana gomesi bure na kuyarudisha yakiwa na mchuzi.

Aliyemfumbua macho ni Birungi, mwalimu wa kompyuta wa sekondari hapo jirani. Ni Mtoro, mtu wa Tooro huko magharibi, na Watoro kila mmoja ana jina lake la kuamkiwa kwa upendo. Lake ni Amooti, nasi tukashika hilo. Alikuja kukodi gomesi akamkuta Nalongo anaapiza barua ya Haji.

"Nalongo, wateja siku hizi hawapiti barabarani," alimwambia. "Wanapita kwenye simu. Mwezi uliopita dada yangu kakodi gomesi Kampala, katumiwa kwa basi, na hajamwona mwenye duka hata kwa sura. Tafuta tovuti."

"Bei gani?"

Amooti alichukua karatasi moja, upande mmoja tu, akaandika. Milioni moja na laki sita za kujenga: jina la tovuti, kodi ya mwaka ya mahali inapokaa, kurasa zenyewe, na picha. Milioni moja na nusu za matangazo ya mtandaoni, ila zitoke laki mbili na nusu kila mwezi kwa miezi sita. Laki tisa zilizobaki zisiguswe.

"Kodi tena?" Nalongo alishtuka. "Nimkimbie Haji niingie kwa Haji wa mtandaoni?"

"Huyo wa mtandaoni hana ngazi. Sikiliza, mama. Kujenga duka si kupata wateja. Wateja wanaitwa, na kuwaita ni pesa. Usizimwage zote siku moja. Toa kidogo, angalia nani kapiga simu, halafu ndiyo utoe nyingine."

Karatasi ile ilikuwa na akili zote tulizohitaji. Nalongo angeifuata, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi nisingeshiba. Lakini kwetu jambo kubwa halifanywi na mtu mmoja na karatasi moja. Harusi ina kamati, mazishi yana kamati, hata jino la Haji lilipong'olewa kulikuwa na watu wanne wameketi pembeni na kalamu. Nalongo akaunda kamati.

Mwenyekiti, nani kama si Hedimasta Kalibala. Amestaafu ualimu lakini hajastaafu kuamrisha. Ameongoza kamati za harusi arobaini na tatu, na baadhi ya ndoa hizo bado zipo. Mkutano wa kwanza tulikaa Alhamisi jioni dukani, watu kumi na sita kwenye viti vya kukodi, na Hedimasta akatangaza sheria kama za mikutano ya harusi: kuchelewa faini elfu moja, kunong'ona faini elfu moja, simu kulia faini elfu mbili.

Hazikupita dakika kumi simu ya Nalongo ikalia. Alipokea. Alikuwa mama mmoja wa Kalisizo anatafuta magomesi sita.

"Faini!" tulipiga kelele sote kwa furaha. Hiyo ndiyo raha ya mikutano yenyewe.

"Mteja huyu, jamani."

"Sheria ni msumeno, Nalongo," alisema Hedimasta. "Inakata mbele, inakata nyuma. Elfu mbili, na uizime."

Akalipa, akaizima. Yule mama wa Kalisizo sijui alivaa nini. Amooti, aliyeketi karibu na mlango, alitutazama kama mtu anayetazama ng'ombe wakila nguo zilizoanikwa.

Kisha Hedimasta akaisoma karatasi ya Amooti, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, hakukuta kitu.

"Bajeti nzuri," alisema. "Ila ni changa. Uzinduzi uko wapi?"

"Hauhitajiki," alisema Amooti. "Tovuti inawashwa tu."

"Mwalimu mwenzangu, inawashwa kama kibatari? Kwani ni mimba, tuifiche? Watu watajuaje kama ipo?"

"Kwa matangazo, Hedimasta. Ndiyo maana kuna hiyo milioni na nusu."

"Watu hawaamini tangazo. Wanaamini hema."

Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga, ilikuwa kauli tamu. Hema likaingia kwenye bajeti, na hema halikai peke yake: likavuta viti, viti vikavuta watu, watu wakavuta matoke na kuku wa kufungwa kwenye majani ya mgomba, chakula kikavuta mgeni rasmi maana huwezi kupika vile bila mgeni rasmi, mgeni rasmi akavuta mafuta ya gari lake. Mjumbe mmoja akapendekeza keki yenye umbo la kompyuta. Mwingine akauliza kama itakuwa na kipanya. Mkutano wa tatu bajeti ilifika milioni kumi na moja na laki nne, na tovuti yenyewe ikawa kifungu cha kumi na saba, chini ya maji ya kunywa ya meza kuu.

"Pesa zitatoka wapi?" niliuliza, maana mimi ni mtu wa vyuma, napenda kujua skrubu inaingia tundu gani.

"Ahadi," alisema Hedimasta.

Na ahadi zikaja, hilo sikatai. Sisi kwa kuahidi hatujambo. Mtu anasimama, anafunga kifungo cha koti, anataja jina na ukoo, kisha anataja pesa ambayo hajawahi kuishika. Niliahidi laki moja. Nikalipa elfu ishirini "kwa leo". Jumla ya ahadi ilikuwa milioni saba na laki nne. Zilizofika mfukoni mwa mweka hazina, milioni moja na kidogo. Lakini wenye mahema na wenye kuku hawapokei ahadi, wanapokea noti, na noti zilizokuwepo ni zile za kahawa.

Jina la tovuti lilikula mikutano miwili. Amooti alitaka "gomesi Nyendo", basi. Kamati ikaona ni dogo, halina adabu, halitaji kanzu. Mmoja akaongeza kanzu, mmoja akaongeza Masaka ili watu wa mbali wasipotee, katibu akasema heshima ya mila isisahaulike. Likapita kwa kura nane kwa tano jina lenye maneno saba.

"Mtu akimaliza kuliandika hilo," alisema Amooti, "bibi arusi ameshazaa."

"Faini ya utovu wa nidhamu," alisema Hedimasta.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe Amooti alikuja mbio kwenye banda langu. Alikuwa amelipwa laki nne tu za kujengea ukurasa, na ukurasa ulikuwa tayari. Lakini laki moja na nusu za jina na mbili na nusu za makazi hazijatoka. Mweka hazina kazihamishia kwenye mafuta ya mgeni rasmi na kukodi spika.

"Fundi, bila jina hakuna mlango. Watabonyeza wataona ukuta. Mwambie Nalongo."

Nilimwambia. Nalongo alikuwa anapiga pasi kanzu, hakuinua kichwa.

"Najua, Fundi."

"Unajua, na umenyamaza?"

"Hema limeshalipiwa," alisema, akaendelea kupiga pasi. Nilikasirika. Nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo, akanijibu neno la mama wa mapacha ambalo sitaliandika.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi ya kwanza ya Novemba, uani nyuma ya jengo. Mahema mawili, viti mia mbili, vyote vilijaa, na wengine walisimama. Nalongo alivaa gomesi ya dhahabu, kaketi meza kuu, anatazama watu hema hadi hema. Mgeni rasmi alikuwa diwani mmoja, alichelewa saa mbili, akahutubia saa moja juu ya barabara ambayo hajaijenga. Kisha akaitwa abonyeze. Turubai jeupe lilikuwa limetandazwa ukutani. Mshereheshaji akahesabu, tatu, mbili, moja, diwani akabonyeza, na kwenye turubai yakatokea maandishi makubwa meusi: ukurasa huu haupatikani.

"Makofi tafadhali!" alisema mshereheshaji, ambaye hakuwa amegeuka kutazama.

Na tukapiga makofi. Watu mia mbili na zaidi tulisimama tukaushangilia ukurasa usiopatikana. Bibi mmoja karibu yangu alipiga vigelegele.

Kisha tukala. Hayo nilishayasema.

Watu walipoanza kunawa mikono Nalongo aliinuka, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Hakupiga magoti. Mkononi alikuwa na daftari la ahadi.

"Ndugu zangu mmeshiba?"

"Tumeshiba!"

"Naona. Sasa niwasomee majina ya wenye mashavu. Hedimasta Kalibala, ahadi laki tano, kalipa hamsini. Katibu, laki tatu, kalipa salamu. Fundi Lubowa, laki moja, kalipa ishirini, na nyama aliyokula ni ya thelathini, kwa hiyo nimemlipa mimi." Watu walicheka, mimi niliangalia viatu vyangu. Aliendelea jina kwa jina, na kicheko kikazidi kupungua. "Tovuti hamkuiona kwa sababu mmeila. Ilikuwa tamu, nilionja. Nimebakiwa na laki moja na elfu themanini. Nimebakiwa na keki ya kompyuta pia. Keki haikatwi, inauzwa. Nani anataka kioo?"

Kanisani sote tumewahi kuuziwa keki kwa mnada, hakuna aliyeweza kusema hajui utaratibu. Diwani alijaribu kuinuka aende.

"Mheshimiwa, usikimbie, wapiga kura wanakuona. Kioo, laki moja?"

Alinunua kioo. Haji Kabuye alinunua kibodi pamoja na herufi zake zote. Hedimasta alinunua waya wa sukari kwa laki na nusu, jasho linamtoka. Mimi nilinunua kipanya kwa elfu arobaini, pesa niliyokuwa nimeiweka ya sindano na mafuta ya cherehani, nikakila pale pale kwa hasira. Jumla zikapatikana laki saba na elfu arobaini. Ukijumlisha na akiba yake, laki tisa na elfu ishirini, na wiki kumi na mbili kabla ya Haji kufunga mlango.

Jumatatu Nalongo alihamia ghorofa ya nne. Amooti alipanda na karatasi nyingine, upande mmoja, na safari hii hapakuwa na kamati. Jina fupi. Makazi ya mwaka. Hapo zilikwenda laki nne. Picha walipiga wenyewe kwa simu ya Amooti, maana huko juu, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, kuna mwanga mzuri kuliko studio yoyote ya Masaka. Hawakutafuta wasichana wembamba. Walimvalisha wifi yake Nalongo, mwenye mwili wa kweli, na mimi na wanaume wanne wa gereji tukavalishwa kanzu na makoti.

"Tabasamu, Fundi," alisema Nalongo. "Fikiria nyama."

Matangazo yalikuwa ya elfu ishirini na tano kwa wiki, siyo zaidi, laki tatu mpaka mwisho wa Januari. Laki mbili na ishirini zilizobaki zilifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa chini ya magomesi mekundu. Wiki ya kwanza waliweka matangazo mawili. La kwanza lilikuwa gomesi ya hariri, nzuri mno, juani. La pili sisi wanaume watano wenye sura za mkopo, na chini yake bei ya kanzu, namba ya simu, na maneno "tunaleta mpaka kwako".

Kila aliyepiga simu Nalongo alimuuliza, "Umetujuaje?" na jibu akaliandika. Wiki ile walipiga tisa. Gomesi ya hariri ilisifiwa na mia tatu mtandaoni na haikuleta hata mmoja. Wote tisa walitoka kwa wanaume watano.

"Haiwezekani," alisema Nalongo. "Nyie wabaya hivyo?"

Amooti ndiye aliyegundua. Wote tisa walipiga Alhamisi au Ijumaa. Walikuwa watu wa upande wa bwana arusi, wanaume walioambiwa miezi minne kabla wajitafutie kanzu na wakakumbuka siku mbili kabla. Mwanamke hupanga gomesi yake mapema, tena huomba kupunguziwa. Mwanamume mwenye kwanjula kesho kutwa haombi kupunguziwa, anaomba tu aokolewe.

Basi tangazo la hariri likaondolewa. Pesa ya wiki ikatolewa Jumatano jioni na Alhamisi tu, siku nyingine hakuna hata shilingi. Wiki ya tatu walipiga ishirini na wawili. Katikati ya Desemba wanaume walikuwa wakipanda zile ngazi wakihema, na Nalongo anawapokea mlangoni na maji na matusi. Wake zao wakawafuata kwa sababu waliona bei. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki nilikiona kikijaa kwa macho yangu. Kuna wiki alitaka kuongeza matangazo yawe ya laki mbili kwa pupa ya msimu. Amooti alimuuliza tu, "Kanzu unazo ngapi?" Zote zilikuwa zimetoka. Kumwita mteja usiyeweza kumvika ni kumpelekea jirani. Akaziacha pesa kwenye kitambaa.

Tarehe thelathini ya Januari alishuka akamlipa Haji miezi sita, akapiga magoti akamwamkia, akapanda tena. Mimi nilikuwa namtazama kutoka ng'ambo ya barabara, na sioni haya kusema nililia kidogo.

Wiki iliyofuata nilikuwa juu kwake, natengeneza cherehani yake bure kufidia ile ahadi yangu, alipoingia Hedimasta Kalibala. Alipumzika mlangoni kwanza, mkono ukutani. Kisha akatoa karatasi nne zilizopigwa chapa.

"Nalongo, Mungu ametenda. Haifai kunyamaza. Nimeandaa rasimu ya sherehe ya shukrani."

Nalongo alimwamkia kwa adabu zote, akampa kiti, akazisoma karatasi zote nne. Hema. Viti. Keki yenye umbo la ngazi. Nilishika nyundo nikisubiri matusi, kwa kweli nilikuwa nayatamani.

"Hedimasta," alisema taratibu, "unadhani kwa nini nilikubali lile hema la kwanza? Unadhani sikuijua hesabu? Naijua kuliko nyote."

Hedimasta alijifuta jasho la ngazi.

"Salongo wangu alikufa mwaka ule wa ugonjwa, watu walipokatazwa kukusanyika. Tulimzika watu kumi na watano, askari kasimama pale anatazama saa. Mtu aliyebeba majeneza ya mji mzima. Hakuna hema, hakuna hotuba, hata chai hamkunywa. Wewe mwenyewe hukuja."

"Tulikatazwa, Nalongo."

"Mlikatazwa. Siwalaumu. Lakini uliposema viti mia mbili, nilinyamaza, kwa sababu nilitaka kuona viti vimejaa. Kahawa ilikuwa yake. Nilikaa pale mbele nikawahesabu mpaka wa mwisho, mkila." Alizipanga zile karatasi nne, akamrudishia kwa mikono miwili. "Hema la Salongo nimeshalilipa. Jingine sidaiwi."

Hedimasta alizikunja karatasi zake zikawa ndogo kabisa, akazitia mfukoni, akaomba maji.